Mswada wa Max Havelaar mikononi mwa Jacob van Lennep: uchambuzi wa kisa, 1859–1862

Kisa hiki kinahusu waandishi wawili wa Kiholanzi na mswada mmoja. Wa kwanza ni Jacob van Lennep, mwandishi wa riwaya na mshairi aliyekuwa na jina kubwa Uholanzi katikati ya karne ya 19, ambaye aliupokea mswada huo, akauhariri na kuusimamia hadi ukachapwa. Wa pili ni Eduard Douwes Dekker, aliyejiita Multatuli, ambaye aliuandika na baada ya miezi michache akajikuta hana kauli juu yake. Uchambuzi umeandikwa kwa ajili ya wahariri, wachapishaji na waandishi, hasa wale wanaopokea kazi za watu wenye malalamiko ya kweli na mikono mitupu. Wanaotajwa kwa majina ni watu wa kumbukumbu za umma peke yao. Jamaa, wapatanishi na mashahidi wameachwa bila majina wala alama za kuwatambulisha.

Usuli: mtu aliyepokea mswada

Van Lennep alizaliwa Amsterdam mwaka 1802 katika nyumba ya wasomi, kwani baba yake alikuwa profesa wa lugha za kale na mshairi. Alisomea sheria Leiden, na mwaka 1829 akateuliwa kuwa wakili wa serikali mjini Amsterdam, kazi aliyoishika kwa miongo kadhaa huku akiandika bila kuchoka. Alianza kujulikana kwa masimulizi ya kishairi yaliyotokana na hekaya za kale za nchi yake, kisha akageukia riwaya za kihistoria zilizomletea wasomaji wengi: De Pleegzoon mwaka 1833, De Roos van Dekama mwaka 1836 na Ferdinand Huyck mwaka 1840. Alihariri pia kazi za Vondel, mshairi mkuu wa Uholanzi wa karne ya 17. Kuanzia 1853 hadi 1856 alikuwa mbunge, na alikuwa mmoja wa waasisi wa kampuni iliyoleta maji safi kutoka kwenye matuta ya mchanga ya pwani hadi Amsterdam, jiji ambalo kwa muda mrefu lilikuwa na shida kubwa ya maji ya kunywa.

Habari hizi zina uzito katika kisa. Mtu aliyeletewa mswada alikuwa na vipawa na nyenzo zote ambazo mwandishi asiyejulikana angeziombea: alijua lugha, alijua sheria, aliwajua wachapishaji, na mlango wa waziri haukuwa mgeni kwake. Lakini mtu huyohuyo alikuwa mhafidhina wa dhati, mtumishi wa serikali ambayo mswada ule uliishtaki.

Usuli: mtu aliyeuandika

Dekker alizaliwa Amsterdam mwaka 1820 na akaenda India Mashariki ya Uholanzi, yaani Indonesia ya leo, akiwa kijana wa miaka 18. Alipanda ngazi za utumishi wa kikoloni Sumatra, Menado na Ambon, na Januari 1856 akapelekwa Lebak, magharibi mwa Java, akiwa ofisa wa Kiholanzi mwenye dhamana ya wilaya. Mfumo wa utawala ulikuwa wa pande mbili. Ubavuni mwa ofisa wa Kiholanzi alikuwapo mtawala mwenyeji wa nasaba ya heshima, ambaye Waholanzi walimtegemea ili raia watii, na kwa sababu hiyo walikuwa tayari kufumbia macho mengi aliyoyatenda.

Huko Lebak raia walifanyishwa kazi za shokoa kupita kiwango kilichoruhusiwa, na nyati wao wa kulimia walichukuliwa bila malipo. Tarehe 24 Februari 1856 Dekker alimwandikia mkubwa wake akimshtaki mtawala huyo, na akataka aondolewe wilayani kwanza ndipo uchunguzi uanze, kwa kuwa alijua mashahidi wasingethubutu kusema chini ya macho yake. Mkubwa wake alitaka kuuona ushahidi kwanza, na Dekker akakataa kuutoa kwa masharti hayo. Gavana Mkuu Duymaer van Twist aliamua kumhamisha Dekker. Yeye akaomba kuacha kazi, na mwanzoni mwa Aprili akaachishwa kwa heshima. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba maovu yalikuwapo. Wakuu kadhaa wa ngazi ya chini waliondolewa, ilhali mtawala mwenyewe aliishia kukaripiwa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, Dekker alikuwa Brussels katika nyumba ya wageni ya bei rahisi, mwenye madeni, mkewe na watoto wakihifadhiwa na jamaa. Hapo, kwa muda wa wiki chache za majira ya vuli, aliandika riwaya nzima ya Max Havelaar.

Ni vema kusema kidogo jinsi riwaya hiyo ilivyo, kwa sababu ugomvi wote uliofuata umetokana na umbo lake. Inaanza kwa sauti ya dalali wa kahawa wa Amsterdam, Droogstoppel, mtu mwenye kujiona mwadilifu ambaye hataki kusikia jambo lolote lisilohusu biashara yake. Kupitia kwake tunapata karatasi za ofisa Havelaar, ambaye ni Dekker mwenyewe. Tunapata hati za ofisi, hotuba, barua za mashtaka. Tunapata pia kisa cha Saïdjah na Adinda, vijana wa kijijini ambao mapenzi yao yanasambaratishwa na wizi wa nyati mmoja baada ya mwingine, na nyimbo za Saïdjah ambazo kwangu ni mashairi bora kuliko mengi yaliyoandikwa Uholanzi katika miongo ile. Mwishoni mwandishi anawanyamazisha wasimulizi wake wote, anaishika kalamu kwa jina la Multatuli, na kumgeukia Mfalme Willem wa Tatu moja kwa moja.

Mfululizo wa matukio

Ndugu wa Dekker alimwonyesha mswada mtu wa jumuiya ya Frimasoni mjini Amsterdam, na huyo akampelekea Van Lennep, aliyekuwa mwanachama vilevile. Ilikuwa Novemba 1859. Van Lennep alisoma na kuvutwa sana. Barua aliyoandika baada ya kusoma imejaa sifa za mtu aliyesahau adabu za kikazi kwa furaha. Aliahidi kusaidia, na akaanza kumpa mwandishi fedha za kujikimu.

Kabla ya mazungumzo ya uchapaji kukamilika, ilijaribiwa njia nyingine. Dekker alikuwa tayari kuacha kuchapisha kitabu iwapo serikali ingemrudishia heshima yake: cheo cha mkuu wa mkoa huko Java, kuhesabiwa miaka yake ya utumishi kwa ajili ya pensheni, fedha za awali za kulipia madeni, na nishani. Van Lennep alikuwa mpatanishi kati yake na Waziri wa Makoloni, J. J. Rochussen, ambaye aliwahi kuwa Gavana Mkuu katika makoloni hayohayo. Waziri alikuwa radhi kumpa kazi katika makoloni ya upande wa Amerika, si Java. Dekker alikataa, kwa kuwa kukubali kungekuwa kukiri kwamba alikosea Lebak.

Januari 1860 Dekker alitia saini hati kwamba amemkabidhi Van Lennep haki ya kunakili kitabu hicho, yaani umiliki wa kisheria wa kukichapa na kukiuza, na kwamba amepokea malipo yake. Fedha alizopata zilikuwa gilda 500. Van Lennep alisema anaihitaji hati ili aweze kuzungumza na mchapishaji akiwa na mamlaka kamili, na mwandishi alisaini kwa imani.

Van Lennep akauhariri mswada. Uliandikwa mfululizo bila migawanyo, naye akaugawa katika sura. Alirekebisha maneno hapa na pale. Kisha akafanya jambo zito kuliko yote: majina ya mahali na miaka yakafutwa, nukta zikachukua nafasi yake. Kitabu kilitoka Mei 1860 katika kampuni ya De Ruyter ya Amsterdam, kikiwa juzuu mbili, nakala 1,300, kwa bei ya gilda 4.

Kilisomwa na kusemwa kila mahali penye watu wa kusoma. Septemba mwaka huohuo mbunge Van Hoëvell alisema bungeni kwamba kitabu kimeitetemesha nchi. Toleo la pili likachapwa kabla ya mwaka kwisha. Dekker, ambaye hakuwa na shaka tena juu ya nguvu ya maneno yake, alimwandikia Van Lennep akitaka toleo la bei nafuu na nakala zipelekwe kwa wingi India Mashariki. Van Lennep hakukubali. Dekker alidai haki yake irudishwe, akakataliwa, akaenda mahakamani. Mwaka 1861 mahakama ya Amsterdam ilimpa ushindi Van Lennep, na mwaka 1862 rufaa ya Dekker ikatupwa.

Maamuzi na sababu zake

Kila uamuzi wa Van Lennep ulikuwa na sababu inayoeleweka, na asiyezipa sababu hizo uzito wake hatajifunza lolote kutoka kisa hiki.

Alichukua haki ya kunakili kwa sababu, kwa macho ya mwanasheria, mtu mwenye madeni ni mshirika wa hatari: wadai wangeweza kuikamata mali yake yoyote, au yeye mwenyewe akauza kitu kilekile mara mbili katika siku ya dhiki. Mchapishaji naye asingependa kufanya mkataba na mtu asiyejulikana anapolala. Alifuta majina kwa sababu kitabu kiliwataja maofisa waliokuwa hai na watawala waliokuwa madarakani, naye alikuwa wakili wa serikali. Bei aliiweka juu kwa sababu ya imani yake ya kisiasa, ambayo hakuificha: alitaka kitabu kisomwe na wanaotawala, ili warekebishe, na aliogopa kisomwe na wanaotawaliwa au na umma wa Uholanzi usiozoea mambo hayo, ukavuruga utulivu. Kukataa kupeleka nakala nyingi makoloni kunatokana na hofu hiyohiyo.

Dekker naye alisaini kwa sababu mbili. Alikuwa na njaa, na alimheshimu Van Lennep kama mtu mkubwa wa fasihi aliyemtambua wakati ambapo wengine walimwona kama ofisa aliyeshindwa kazi. Mtu aliyekataliwa kwa miaka mitatu hamwulizi maswali ya kisheria yule wa kwanza anayemwambia kwamba ameandika kitu kikubwa.

Matokeo

Van Lennep aliihamishia De Ruyter haki hiyo, na kwa miaka kumi na mitano hivi Dekker hakuwa na uwezo wa kugusa hata herufi moja ya kitabu kilichompa jina. Alijibu kwa kuandika vingine, kikiwamo Minnebrieven cha mwaka 1861. Haki ilizunguka kutoka mchapishaji mmoja hadi mwingine mpaka ikamfikia G. L. Funke, ambaye kwa hiari yake alimpa mwandishi nafasi ya kusahihisha. Toleo la mwaka 1875 lilirudisha majina ya mahali na miaka, na lile la 1881 likaongezwa maelezo ya mwandishi. Lakini Dekker alisahihisha nakala iliyochapwa; mswada wa mkono wake hakuwa nao. Alifariki mwaka 1887 huko Nieder-Ingelheim, Ujerumani, bila kuuona tena. Ulipatikana mwaka 1910, na mwaka 1949 Garmt Stuiveling alichapisha matini yake, ndipo wasomaji walipoweza kulinganisha mkono wa mwandishi na mkono wa mhariri.

Van Lennep aliishi hadi 1868. Miaka mitatu kabla ya kufa alianza kutoa riwaya yake ya mwisho kubwa, Klaasje Zevenster, ambayo iliwaudhi wengi kwa kuwa msichana shujaa wake anajikuta katika nyumba ya makahaba. Aliyekipunguzia makali kitabu cha mwenzake alilaumiwa kwa makali ya kitabu chake mwenyewe, na hakukubali kukipunguza kwa ajili ya lawama hizo.

Uchambuzi: kilichofaa

Bila Van Lennep huenda mswada ungebaki katika sanduku la jamaa. Kutoka kusomwa kwake Novemba hadi kutoka kiwandani Mei ni nusu mwaka, kasi ambayo hata leo ni ya kusifiwa kwa kitabu cha juzuu mbili cha mwandishi asiye na jina. Ugawaji wa sura ulimsaidia msomaji katika kitabu kinachoruka makusudi kutoka sauti moja hadi nyingine, na mgawanyo huo umedumu. Tena, na hili halitajwi vya kutosha, aliuacha mwisho wa kitabu. Mhariri mwoga angeanza kwa kukata kurasa zile ambamo mwandishi anamwuliza Mfalme iwapo ni mapenzi yake kwamba raia wake zaidi ya milioni thelathini wateswe na kunyonywa kwa jina lake. Van Lennep, wakili wa serikali ya mfalme huyohuyo, aliziacha zichapwe.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Tuanze na nukta. Kwa kawaida kufuta jina humlinda mnyonge, na uchambuzi huu wenyewe umefanya hivyo kwa jamaa na wapatanishi. Lakini swali la kwanza ni nani anayelindwa. Wakulima wa Lebak hawakuwa na majina ya kufutwa katika kitabu. Saïdjah na Adinda ni wahusika wa kubuni tayari. Lililofutwa ni jina la wilaya na mwaka wa tukio, yaani vile viwili ambavyo msomaji angevihitaji ili aende kwenye kumbukumbu za ofisi na kuhakikisha. Havelaar anaandika barua ya mashtaka yenye hoja, tarehe na mpangilio wa kiserikali. Msomaji wa mwaka 1860 aliisoma barua hiyo huku mahali pa tukio pakiwa pengo. Shtaka lisilo na mahali wala mwaka husomwa kama hadithi, na msomaji asiyependa kusumbuliwa hupata kisingizio cha kusifia mtindo na kuacha jambo lenyewe. Ndivyo wengi walivyofanya: walisema ni kitabu kizuri mno. Sifa hizo zilimkasirisha Dekker kuliko matusi, kwani yeye alitaka wakulima watendewe haki na yeye mwenyewe asafishwe jina.

Bei iliharibu zaidi. Katika kurasa za mwisho mwandishi anasema kwamba atasomwa, na anawataja watakaomsoma: wakuu wa dola, wafanyabiashara wa kahawa, magavana wakuu waliostaafu, wahubiri, na watumishi wa kike wa majumbani watakaokikodi kitabu kwa senti chache. Anasema pia kwamba asiposikilizwa atakitafsiri kwa lugha anazozijua na nyingine atakazojifunza, hadi Kimalei na Kijava. Huyu ni mwandishi aliyeuandika mpango wa usambazaji ndani ya kitabu chenyewe. Mhariri aliusoma ukurasa huo, akaupenda, akauchapa, kisha akaweka bei ya gilda 4 na kuzuia njia ya kwenda Java. Hakubadilisha neno, ila aliifanya ahadi isitimizwe. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa kuliko nukta, kwa kuwa nukta zinaonekana na msomaji anaweza kuuliza palikuwa na nini, ilhali msomaji aliyeshindwa kununua hajulikani kamwe.

Kuhusu hati ya Januari 1860, mahakama ilifanya kazi yake. Mbele ya majaji palikuwa na karatasi yenye saini iliyosema haki imekabidhiwa na malipo yamepokewa, na kwa upande wa pili palikuwa na maelezo ya mdomo kwamba fedha zile zilikuwa msaada na kwamba hati ilikuwa ya kurahisisha mazungumzo na mchapishaji. Sheria ya 1817 iliyotawala haki za kunakili Uholanzi wakati huo haikumpa mwandishi nafasi ya kuirudia kazi aliyokwisha kuikabidhi. Kasoro ilikuwa katika namna hati ilivyotungwa: haikueleza kusudi, haikuweka muda, haikutaja nani ataamua bei, idadi ya nakala, masoko wala mabadiliko ya matini. Sentensi moja ya kusema kwamba haki imekabidhiwa kwa ajili ya uchapaji wa toleo la kwanza tu ingetosha kuzuia kesi nzima. Van Lennep alikuwa na ujuzi wa kuiandika sentensi hiyo, na Dekker hakuwa na wakili wa kumwambia aidai.

Hapa ndipo suala la kofia nyingi linapojitokeza. Katika miezi ile michache Van Lennep alikuwa mfadhili, mshauri wa sheria, mpatanishi kati ya mwandishi na waziri, mhariri, na hatimaye mmiliki. Kila kofia ilikuwa na wajibu wake, na wajibu hizo zilipingana. Mpatanishi alipaswa kutafuta maelewano na serikali. Mhariri alipaswa kukipa kitabu nguvu zake zote. Mshauri wa sheria alipaswa kumlinda mteja dhidi ya hati kama ile ambayo mmiliki aliihitaji. Sioni ushahidi wa mtu aliyekusudia kuiba, na wanaomchora Van Lennep kama mwizi wanakosea. Alikuwa mpenzi wa kweli wa kitabu, aliyeamini kwamba anajua kuliko mwandishi ni kwa ajili ya nani. Imani hiyo, ikiwa mikononi mwa mtu mwenye karatasi ya umiliki, haikuhitaji nia mbaya ili ifanye madhara.

Dekker ana sehemu yake pia. Kule kukubali kwamba kitabu kinaweza kuzuiwa kwa kupewa cheo na nishani kulidhoofisha baadaye dai lake kwamba alikiandika kwa ajili ya wanyonge wa Java peke yao. Van Lennep, aliyeyapeleka masharti yale kwa waziri, angeweza kudhani kwa haki kwamba anashughulika na mtu anayejadili bei. Mwandishi mwenye shtaka la umma anapaswa kuamua mapema, kabla ya kumwonyesha mtu mswada, ni kitu gani hakiuzwi.

Utaratibu wa Funke unafaa kuwekwa kando ya ule wa Van Lennep kwa ulinganisho. Funke naye alimiliki haki kisheria, na hakuwa na deni lolote kwa Dekker. Tofauti ni kwamba aliutenga umiliki na kauli juu ya matini: aliuza kitabu kama mali yake, lakini akamwachia mwandishi maneno, majina, miaka na maelezo. Biashara haikuharibika, na wasomaji wa 1875 walipata kwa mara ya kwanza kitabu kinachotaja Lebak.